Mrija wa Nyongo

Wasomaji wetu wote wamepata kumwona kuku akitumbuliwa. Na kila mtoto aliyefundishwa kazi hiyo na mama yake ameonywa neno moja kwanza: "Angalia, nyongo isipasuke." Kwani chini ya ini pana kifuko kidogo cha rangi ya kijani, nacho kikipasuka nyama yote huwa chungu, wala hakuna maji wala chumvi iwezayo kuiondoa ladha ile. Kwa sababu hiyo nyongo ina sifa mbaya katika lugha yetu. Mtu akiitoa chuki aliyoiweka moyoni siku nyingi, twasema ametema nyongo.

Lakini ndani ya mwili nyongo si adui. Ni mtumishi mwema, illa ahitaji njia iliyo wazi. Njia yake ikizibwa, mtumishi yule hugeuka kuwa sumu. Katika makala hii twapenda kuwaeleza ndugu wasomaji habari ya njia hiyo, na jinsi madaktari wa siku hizi wanavyoizibua bila kulipasua tumbo. Tena twataka kuungama kosa letu wenyewe, kwani mambo haya hatukuyapata vitabuni tu. Yaliingia nyumbani mwa mama yetu mwaka 2018.

Kwanza tuuelewe mwili ulivyo. Ini la mtu mzima hutengeneza nyongo yapata nusu lita hata lita nzima kila siku. Nyongo hiyo hushuka kwa mifereji midogo iliyo ndani ya ini, nayo hukutana kama vijito vya mlimani vikutanavyo na kuwa mto mmoja. Mto huo ndio mrija mkuu wa nyongo, na upana wake kwa kawaida ni kama milimita 6 tu. Kando yake umening'inia mfuko wa nyongo, ambao kazi yake ni kuweka akiba. Tukila chakula chenye mafuta, mfuko hujikaza na kuisukuma nyongo iende utumboni ikayavunje mafuta, kama sabuni iyavunjavyo mafuta ya sufuria. Mlango wa kuingilia utumboni ni kinundu kidogo mfano wa chuchu. Abraham Vater, tabibu wa Ujerumani, alikieleza kinundu hicho mwaka 1720. Na mwaka 1887 Ruggero Oddi, aliyekuwa bado mwanafunzi wa udaktari katika mji wa Perugia huko Italia, akaueleza msuli wa mviringo uufungao mlango huo na kuufungua, kama kamba ifungavyo mdomo wa mkoba. Mahali papo hapo ndipo mrija wa kongosho nao umwagapo maji yake. Msomaji na alikumbuke jambo hili la kongosho, maana tutalirudia.

Nyongo ikikaa mfukoni, na mchanganyiko wake usipokuwa sawa, huganda kidogo kidogo ikawa kokoto. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na watu wazima zaidi kuliko vijana. Tena wenye maradhi ya seli mundu huzipata hata wangali watoto, kwa kuwa damu yao huvunjika upesi na rangi yake huingia katika nyongo. Watu wengi wana kokoto hizo wasijue maisha yao yote. Taabu huanza hapo kokoto moja inapotoka mfukoni ikakwama mrijani, kama gogo likwamalo chini ya daraja wakati wa mafuriko.

Habari hii yote tulikuwa tumeifundisha ubaoni kwa miaka minane. Tulichora ini kwa chaki nyekundu na mfuko wa nyongo kwa chaki ya kijani, na watoto wakaandika katika madaftari yao. Wala hatukupata kuwaza kwamba picha ile ilikuwa na neno la kutuambia sisi wenyewe.

Mama yetu alianza kuumwa wakati wa Krismasi, baada ya kula pilau. Maumivu yalimshika chini ya mbavu za upande wa kuume, yakapanda mpaka begani, yakakaa saa tatu, kisha yakaondoka kana kwamba hayakuwapo. Tukamwambia, "Mama, ni vidonda vya tumbo," tukamnunulia dawa dukani. Yalirudi mara ya pili, na ya tatu. Hata ilipofika masika akashikwa na homa na kutetemeka. Katika zahanati wakapima malaria wasiione, wakampa dawa za homa kwa tahadhari. Homa ikatulia siku mbili ikarudi kwa nguvu. Ndipo macho yake yakageuka manjano kama kiini cha yai. Mkojo wake ukawa mweusi kama chai ya rangi iliyokaa sana jikoni, na choo chake kikawa cheupe kama udongo wa mfinyanzi. Tena mwili wote ukamwasha, asipate usingizi usiku, akajikuna mpaka kutoka damu.

Mjomba wetu, kaka mkubwa wa mama, alipoona kule kujikuna alisema, "Mpwa wangu, huu si ugonjwa wa hospitali. Dada yangu ametupiwa kitu." Wazee wenzake wakaafiki. Na kama ilivyo desturi ya maneno ya namna hiyo, hayakukaa bila kutafuta mtu wa kuyabeba. Yalimwangukia jirani yetu, mjane mmoja mpole, kwa sababu tu siku ya Krismasi yeye ndiye aliyeleta kuku wa pilau ile.

Mganga akaletwa. Akamchanja mama chale tumboni, akaweka pembe, akavuta, akatoa mfupa mdogo wa kuku uliofungwa nywele. Watu wakapaza sauti. Mbuzi mmoja akaenda na mganga. Tangu siku ile hakuna aliyekwenda kwa yule mjane kuomba chumvi wala moto, na watoto wakakatazwa kula kwake.

Nasi je, tulikuwa wapi? Tulikuwa tumekaa pale pale, juu ya kigoda, karibu na mlango. Tulijua ya kuwa macho ya manjano ni nyongo iliyokosa njia ikarudi katika damu. Tulijua ya kuwa choo huwa cheupe kwa sababu nyongo, ambayo ndiyo impayo mtu rangi ya choo, haikufika utumboni. Tulijua ya kuwa kuwashwa ngozi kwatokana na mambo hayo hayo. Lakini mjomba ni mzee wetu, tena ndiye aliyelipa ada yetu ya shule. Tukasema moyoni, "Kumpinga mbele ya watu ni utovu wa adabu." Tukanyamaza siku tano. Msomaji, adabu ni kitu chema, lakini siku ile tuliigeuza kuwa sitara ya woga wetu.

Siku ya sita mama alianza kusema maneno yasiyoeleweka. Hapo hatukuomba ruhusa ya mtu. Tulimbeba tukampeleka hospitali ya wilaya. Daktari alimtazama macho, akambonyeza tumbo, akauliza maswali matatu tu: ana maumivu, ana homa, ana manjano? Tukajibu ndiyo kwa yote. Baadaye tulijifunza ya kwamba mambo hayo matatu yakikutana, madaktari huogopa sana. Mfaransa Jean-Martin Charcot aliyataja pamoja mwaka 1877 kuwa dalili ya usaha katika mirija ya nyongo. Wakampiga picha kwa chombo cha mawimbi ya sauti, wakaona kokoto mfukoni, na mrija mkuu umevimba kufika milimita 14. Wakamtundikia dripu ya maji na dawa za kuua vijidudu. Kisha daktari akatuita nje akasema, "Mwalimu, dawa peke yake haitoshi. Usaha uliofungwa hauponi mpaka ufunguliwe. Nendeni mjini leo."

Tuliuza ng'ombe kwa simu, kwa bei ya mtu mwenye haraka, tukasafiri usiku kucha.

Katika hospitali kubwa ya mjini tulipokelewa na daktari kijana. Akamwinamia mama akasema, "Shikamoo, mama." Mama akajibu kwa sauti ndogo, "Marahaba, mwanangu. Mtanipasua?" Akasema, "Hapana, mama. Tutapita mdomoni." Mama akamtazama mwanawe, kisha akamtazama daktari, akauliza, "Mdomo huu huu wa kulia ugali?" Daktari akacheka, nasi tukacheka, kwa mara ya kwanza tangu masika kuanza.

Kisha akachukua kalamu na karatasi akatuchorea picha. Ndugu zetu, ilikuwa ile ile picha yetu ya ubaoni! Sisi tulikuwa tumeketi kama mtoto wa darasa la tano, na mwingine akitufundisha somo letu. Akaeleza hivi. Wana mpira mrefu mwembamba wenye taa na jicho la kamera, nao hupitishwa kooni, ukashuka tumboni, ukaingia utumbo mdogo. Jicho lake halitazami mbele bali hutazama kando, kwa kuwa mlango wa nyongo uko ubavuni mwa utumbo. Ndani ya mpira huo mna njia nyembamba ambayo daktari hupitishia uzi wa madini mpaka ndani ya mrija wa nyongo. Hutia dawa ionekanayo kwa eksirei, nazo kokoto huonekana kama vivuli. Kisha kwa waya mdogo wenye umeme huukata kidogo ule msuli wa Oddi, mlango ukapanuka. Mwisho hupitisha kipira kilichokunjwa mpaka juu ya kokoto, hukijaza hewa, akakivuta, na kokoto hutoka mbele yake na kuangukia utumboni, ziende zake kwa njia ya choo.

Lakini hakutuficha hatari. Alisema ya kuwa mlango wa nyongo na wa kongosho ni jirani, na kwa hiyo kongosho laweza kukasirika na kuvimba. Katika kila wagonjwa mia, watatu hata kumi hivi hupatwa na jambo hilo. Wengi wao hupona kwa siku chache, wengine huugua sana. Tena pengine damu hutoka pale palipokatwa, au utumbo hutoboka, na mara chache mtu hufa. "Nawaambia," alisema, "ili mchague mkijua." Mama akaomba kalamu, akaandika jina lake mwenyewe.

Akalazwa usingizi, akachukuliwa. Saa moja haikutimia akarudishwa. Daktari akatuambia ya kuwa alipofungua ule mlango usaha ulimwagika, ukifuatwa na nyongo nyeusi, na kokoto tatu. Kwa ajili ya usalama akaacha ndani ya mrija kijibomba cha plastiki, chembamba kuliko kalamu, ili nyongo isikose njia tena. Akatuonya mara tatu tarehe ya kukiondoa isisahauliwe, maana plastiki hiyo huziba ikiachwa miezi mingi, na ugonjwa hurudi.

Usiku ule homa ilimwachia. Siku ya tatu alikula uji. Siku ya saba macho yake yalikuwa yameanza kuwa meupe.

Tulipokuwa tukingoja barazani kwa hospitali tulitamani kujua ni nani waliotupatia njia hii, na tangu hapo tumesoma. Zamani ugonjwa huu haukuwa na dawa illa kuvumilia na kufa. Tarehe 15 Julai 1882, huko Berlin, Carl Langenbuch aliutoa mfuko wa nyongo wa mtu aliyeumwa miaka mingi, na mtu yule akapona. Hapo ndipo watu walipojua ya kuwa mwanadamu aweza kuishi bila mfuko huo, kwani nyongo hushuka moja kwa moja kutoka inini. Lakini kazi hiyo ilihitaji kulipasua tumbo kwa kovu refu.

Kupita mdomoni kulingoja macho mapya. Mwaka 1957 Basil Hirschowitz, aliyezaliwa Afrika Kusini na kufanya kazi Marekani, alitengeneza pamoja na wenzake mpira wa nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, ziwezazo kupitisha nuru hata zikipindwa. Kabla ya kumjaribu mgonjwa aliupitisha katika koo lake mwenyewe. Mwaka 1968 William McCune na wenzake huko Washington wakaeleza jinsi walivyoufikia mlango wa nyongo kwa kupita tumboni. Na katika miaka ya 1973 na 1974 Keiichi Kawai huko Japani, na Meinhard Classen na Ludwig Demling huko Ujerumani, kila upande kwa juhudi yake, wakaukata ule msuli kwa waya. Kile kijibomba cha plastiki nacho kililetwa na Nib Soehendra, mwenyeji wa Indonesia aliyefanya kazi Hamburg.

Yuko na mwingine ambaye habari yake ilituchoma moyo. Tarehe 12 Septemba 1985, katika mji wa Böblingen huko Ujerumani, Erich Mühe aliutoa mfuko wa nyongo kwa matundu madogo, akitazama ndani kwa chombo chembamba. Mwaka uliofuata aliwaeleza wakubwa wa kazi yake katika mkutano wao, nao wakampokea kwa ubaridi na kejeli. Hata mwaka 1992 chama kile kile kilimpa tuzo. Tukasema, kumbe hata mabingwa wana wajomba! Naye hakunyamaza.

Baada ya wiki sita tulimrudisha mama mjini. Kijibomba kikavutwa kwa njia ile ile ya mdomo. Na kwa kuwa mfuko wake ulikuwa bado na kokoto, ambazo zingeweza kushuka tena, wakautoa kwa matundu manne. Hulijaza tumbo gesi ili wapate nafasi ya kuona, wakafunga kwa vibanio kimrija cha mfuko na mshipa wake wa damu, wakaukata, wakautolea tunduni. Kazi hii nayo ina hatari yake. Katika watu elfu, watatu au watano hivi hukatwa au kuumizwa mrija mkuu kwa makosa, na kuutengeneza ni kazi kubwa. Ndiyo maana yataka mkono uliofundishwa. Mama alitoka siku ya pili, akitembea kwa miguu yake, na alama nne tumboni ndogo kuliko zile za chale.

Wakatupa kokoto zake katika chupa ndogo. Tuliporudi nyumbani tuliipeleka kwa mjomba. Akaitikisa karibu na sikio, akaitazama kwenye mwanga, akakaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Mpwa wangu, nilitaka dada yangu apone." Tukamjibu, "Twajua, mjomba." Na kweli twajua. Yeye alitenda kwa upendo bila maarifa, na sisi tulikuwa na maarifa tukakosa kutenda. Ni yupi mwenye kosa kubwa?

Jioni, sisi na mjomba tukaenda na chupa ile kwa jirani yetu mjane. Alitupa viti. Alisikiliza maneno yote mpaka mwisho, akamsamehe mjomba mara moja. Kisha akatugeukia sisi. Akasema, "Mwalimu, mwanangu alikuja nyumbani na daftari lake, picha ya ini imo ndani. Akaniambia, Mama, mwalimu wetu anajua ugonjwa ule. Nami nikangoja useme." Hatukuwa na jibu. Mtoto yule alikuwa amekwisha kupelekwa kwa baba yake mdogo, kijiji cha mbali, kwa sababu ya kuchekwa na wenzake. Alimalizia shule huko. Kiti chake darasani kwetu kilikaliwa na mwingine, lakini kila tuchorapo ini twakitazama.

Basi ndugu wasomaji, tuyaweke haya moyoni. Maumivu ya chini ya mbavu za kuume yajayo baada ya chakula cha mafuta na kukaa saa kadhaa, yapasa kupimwa. Macho ya manjano, mkojo mweusi, choo cheupe na kuwashwa, ni nyongo iliyozuiwa. Homa na kutetemeka vikiongezeka juu yake, usingoje hata kupambazuke. Si kila manjano ni kokoto. Pengine ni homa ya ini, pengine ni malaria iliyovunja damu, pengine ni uvimbe wa kongosho, ambao kwa huo kijibomba hupunguza taabu ijapokuwa hakiuondoi ugonjwa. Na katika nchi zetu hata mnyoo mkubwa wa tumboni huweza kutambaa ukaingia mrijani, jambo ambalo choo kizuri na kunawa mikono hulizuia. Kupambanua haya ni kazi ya daktari. Kazi yetu ni kumfikisha mgonjwa. Kuzibua mrija kwa njia ya mdomo hufanywa katika hospitali kubwa chache, kama zile za Nairobi na Dar es Salaam, kwa hiyo kila siku tupotezayo nyumbani yapunguza njia iliyobaki.

Wazee walisema: Mficha maradhi, kilio humfichua. Sisi twaongeza neno moja, tulilolinunua kwa bei ya siku tano za mama yetu na kwa kiti cha mtoto wa watu. Afichaye anayoyajua naye ni mficha maradhi. Uliyefundishwa jambo la kuokoa, liseme, kwa adabu na kwa sauti ya kusikika, hata mbele ya mjomba.